Kilichozimwa ni Mawimbi, si Televisheni: Historia Fupi ya TV za Chogo Katika Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado





Safari hii tumeona tuzungumze juu ya kitu kilichomo, au kilichokuwemo, katika nyumba zetu nyingi: televisheni ya chogo, ile yenye kioo kinene mbele na mgongo mrefu nyuma. Vijana wengi wa leo wanaiona kuwa ni mzigo tu unaojaza kona ya sebule. Wapo waliokwishaiuza kwa bei ya kutupa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, baada ya kuambiwa kwamba tangu dunia ihamie dijitali, TV hizo zimekufa.

Je, maneno hayo ni kweli? Tunataka kuonyesha, kwa historia na kwa ufundi wenyewe, kwamba si kweli. Kilichozimwa ni aina ya mawimbi yaliyokuwa yakirushwa angani. Kioo, spika na antena ya nyumbani vilibaki vizima. Kati ya mawimbi mapya na TV ya zamani kilihitajika kifaa kimoja kidogo tu, nacho ni king'amuzi, ambacho wengine wanakiita dekoda. Swali zito la historia hii, basi, si kama TV ya zamani ilifaa au haikufaa. Swali ni hili: nani alitakiwa kulipia kifaa hicho kidogo, na nini kiliwapata wale wasioweza? Kwa watu wa pwani yetu, kuanzia Kionga na Palma mpaka Mocímboa da Praia na visiwa vya Quirimbas, swali hilo lilikuja katika wakati mgumu kuliko nyakati zote.

MAWIMBI YALIFIKA KABLA YA PICHA

Tusiifahamu televisheni peke yake bila kuitaja redio, kwani redio ndiyo iliyotufundisha kwanza kwamba sauti inaweza kuvuka mto Ruvuma bila pasi wala mtumbwi. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na vita vya ukombozi vikaanza tarehe 25 Septemba 1964 huko Chai, ndani ya Cabo Delgado. Katika miaka ile matangazo ya sauti ya FRELIMO yalirushwa kutoka Dar es Salaam, na watu wa upande wetu waliyasikiliza kwa siri wakiwaogopa PIDE, polisi wa siri wa Wareno. Kwa hiyo tangu awali chombo cha kupokea mawimbi hakikuwa pambo la nyumbani. Kilikuwa ni njia ya kujua kinachotokea.

Baada ya uhuru wa tarehe 25 Juni 1975, Rádio Moçambique iliundwa mwaka huo huo. Baadaye matangazo yake ya mkoa yaliyotoka Pemba yakawafikia watu kwa lugha zao: Kimakua, Kimakonde na Kimwani. Jambo hili tulikumbuke, maana tutalirudia mbele: redio ilimfuata msikilizaji katika lugha yake, na kwa betri chache tu iliweza kufanya kazi hata mahali pasipo na nguzo ya umeme.

PICHA YAINGIA NYUMBANI

Katika pwani yote ya Waswahili, Zanzibar ndiyo iliyotangulia kwa televisheni ya rangi. Mapema katika miaka ya 1970 visiwa vile vilikuwa na televisheni yao, tena ya rangi, wakati hata Afrika Kusini yenye utajiri wote ule ilisubiri mpaka mwaka 1976 ndipo ikaanza matangazo ya taifa zima. Kenya ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1962, na Uganda tangu 1963. Tanzania Bara ilikaa muda mrefu bila televisheni, kwa kuwa serikali ya Mwalimu Nyerere iliona kuna mambo ya haraka zaidi ya kugharimia. Kituo cha ITV kilianza Dar es Salaam mwaka 1994, na televisheni ya taifa ya huko ikafuata mwaka 2000.

Kwetu Msumbiji televisheni ilianza Maputo mwaka 1981 kwa jina la televisheni ya majaribio, na mwaka 1991 ikaitwa Televisão de Moçambique, yaani TVM. Lakini Maputo iko mbali sana na Palma. Atakayeitazama ramani ataona kwamba Palma iko karibu zaidi na Mtwara, na hata na Dar es Salaam, kuliko ilivyo na mji mkuu wa nchi yake. Minara ya kurushia ilijengwa polepole kutoka kusini kwenda kaskazini, tena mjini kwanza.

Kwa sababu hiyo watu wengi wa pwani hii waliijua TV kama chombo cha kuonyeshea mikanda kabla ya kuijua kama chombo cha kupokea matangazo. TV ilikuja na deki, na deki ilikuja na mikanda ya video, kisha sidii na dividii. Mahali pasipo na umeme, ile TV ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe iliunganishwa na betri ya gari. Mwenye jenereta alifungua banda la video, watu wakalipa kidogo na kukaa kwenye mabenchi. Filamu za Kihindi na za ngumi zilipendwa, na baadaye filamu za Kiswahili kutoka Dar es Salaam zikapata watazamaji kila panapozungumzwa lugha yetu.

Wenye uwezo zaidi walifunga dishi kubwa uani. Katika mwezi wa Ramadhani nyumba hizo zilijaa majirani waliokuja kuangalia sala ya tarawehe kutoka Makka. Tunalitaja hili kwa sababu lina somo la ufundi ndani yake. Matangazo ya satelaiti yalishaanza kuhamia dijitali tangu miaka ya 1990, na bado TV iliyounganishwa na dishi ilikuwa ni ile ile ya chogo. Risiva ya dishi ndiyo iliyopokea lugha mpya na kuitafsiri. Kwa maneno mengine, tulikuwa tukitazama dijitali kwenye TV ya analojia kwa miaka mingi bila kujua.

ANALOJIA NI NINI, NA DIJITALI NI NINI?

Wanafunzi watuvumilie tueleze kwa maneno mepesi.

Katika mfumo wa analojia, wimbi lenyewe linapanda na kushuka kwa kufuata mwanga na sauti ya kile kinachorushwa. Wimbi likifika dhaifu, picha nayo inakuwa dhaifu. Ndipo tunapoona zile chenga, au kivuli cha pili pembeni ya mtangazaji. Lakini hata katika chenga sauti huweza kusikika, na mtu anaelewa habari.

Katika mfumo wa dijitali, picha na sauti hugeuzwa kuwa namba, zikabanwa pamoja, kisha zikarushwa. Faida yake ni kubwa. Nafasi ya hewani iliyokuwa ikibeba stesheni moja inaweza kubeba stesheni kumi au zaidi, na picha inakuwa safi. Ila kuna sharti. Namba zikifika pungufu kidogo, mashine huzirekebisha na hutaona kasoro. Zikipungua kupita kiwango, picha inaganda, inakatika vipande vipande, kisha kioo kinakuwa cheusi. Hakuna hali ya katikati.

Hebu tuyapime haya kwa maisha ya pwani. Mtu aliyekaa kisiwani, au kijiji cha mbali na mnara, alizoea kupata picha ya chenga yenye sauti. Chini ya dijitali mtu huyo huyo, kwa umbali ule ule, anaweza asipate chochote. Ni kweli pia kwamba juu ya bahari yenye joto hewa huweza kuyabeba mawimbi mbali kuliko kawaida katika siku fulani, lakini hiyo ni bahati ya hali ya hewa, na familia haiwezi kupanga mambo yake juu ya bahati.

MKATABA WA GENEVA WA 2006

Uamuzi wa kuhama haukutoka Maputo wala Dodoma. Mwezi Mei na Juni 2006 wajumbe wa nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati walikutana Geneva chini ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU. Walikubaliana kugawana upya masafa ya televisheni, na wakaweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulindwa kwa matangazo ya analojia. Baadhi ya nchi, nyingi zikiwa maskini, zilipewa mpaka 17 Juni 2020 kwa masafa yale ya VHF.

Neno "kulindwa" ni muhimu. Mkataba haukusema kwamba TV zitazimika zenyewe siku ile. Ulisema kwamba baada ya tarehe hiyo, nchi yenye kurusha analojia haitakuwa na haki ya kulalamika ikiwa matangazo ya jirani yataingiliana na yake. Kwa nchi zenye mipaka mirefu jambo hili lilikuwa zito. Na kulikuwa na sababu nyingine ya kuhama: masafa yaliyoachwa na televisheni yalitakiwa na kampuni za simu kwa ajili ya intaneti, na masafa hayo yana thamani kubwa ya fedha.

Basi serikali zilipata faida, kampuni za simu zilipata faida, na wenye stesheni walipata nafasi ya kuongeza chaneli. Familia yenye TV ya chogo iliambiwa inunue king'amuzi.

MAJIRANI WALIVYOHAMA

Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa barani Afrika kuzima analojia. Dar es Salaam ilizimwa usiku wa tarehe 31 Desemba 2012. Dodoma na Tanga zikafuata mwishoni mwa Januari 2013, Mwanza mwishoni mwa Februari, Arusha na Moshi mwishoni mwa Machi, na Mbeya mwishoni mwa Aprili. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilikuwa imetoa leseni kwa kampuni tatu za kurusha matangazo kwa dijitali: Star Media, Agape Associates na Basic Transmissions. Ving'amuzi vilikuwa vya kampuni tofauti, na king'amuzi cha kampuni moja hakikuwa tiketi ya kuona kila kilichorushwa na nyingine. Mwaka 2018 wananchi waliona jambo jingine la kushangaza: mwezi Agosti chaneli za ndani za kutazamwa bure ziliondolewa katika ving'amuzi vya kulipia kama vile Azam, DStv na Zuku, kwa sababu ya masharti ya leseni. Familia iliyokwishanunua king'amuzi kimoja ikajikuta inatakiwa kuwa na cha pili ili ione taarifa ya habari ya nchi yake.

Kenya walipigana mahakamani. Mpango wa kuzima Nairobi mwishoni mwa 2012 ulisimamishwa baada ya shirika la watumiaji, COFEK, kwenda mahakamani likisema ving'amuzi ni ghali na wananchi hawajajiandaa. Kisha ukaja mgogoro wa vyombo vikubwa vya habari na mamlaka kuhusu nani apewe leseni ya kurusha. Mwezi Februari 2015 mitambo ya analojia ilizimwa, na stesheni za Citizen, NTV na KTN zikawa hazionekani mpaka mapema Machi, takriban wiki tatu. Nchi nzima ilimaliza kuhama mwishoni mwa Machi 2015. Uganda ilizima Kampala mwezi Juni mwaka huo huo.

Nchi tajiri zilifanyaje? Marekani ilizima vituo vyake vikubwa tarehe 12 Juni 2009. Kabla ya hapo serikali ilitoa kuponi za dola 40, mbili kwa kila nyumba, ili watu wanunue ving'amuzi vya kuunganisha kwenye TV za zamani. Kuponi zilipoadimika mapema mwaka huo, Bunge lilisogeza mbele tarehe ya kuzima kutoka Februari hadi Juni. Uingereza ilihama mkoa kwa mkoa mpaka Oktoba 2012, na kulikuwa na mpango maalumu wa kuwasaidia wazee wa miaka 75 na zaidi, pamoja na wenye ulemavu, kwa kifaa na kwa fundi wa kuja kukifunga.

Tazameni tofauti, ndugu zetu. Katika nchi hizo tajiri serikali ilikiri kwamba imeamua kuhama yenyewe, na kwa hiyo ikabeba sehemu ya mzigo. Kuponi ile haikuwa sadaka. Ilikuwa ni fidia kwa mtu ambaye chombo chake hakikuwa na kasoro yoyote.

MSUMBIJI NA PWANI ILIYOKUWA IKIWAKA MOTO

Msumbiji haikuwahi tarehe ya 2015. Kampuni ya umma iitwayo TMT ilipewa kazi ya kurusha matangazo ya dijitali, ujenzi wa mitambo ukapewa StarTimes ya China, na fedha zikatoka kwenye mkopo wa dola milioni 156 wa Benki ya Exim ya China. Uzimaji wa analojia ulianza kufanyika kwa awamu mwaka 2021.

Sasa hebu tujiulize: mwaka 2021 watu wa pwani yetu walikuwa wapi?

Vita vilianza alfajiri ya tarehe 5 Oktoba 2017 kwa shambulio la Mocímboa da Praia. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga pwani kaskazini ya Pemba, kikabomoa nyumba Ibo, Quissanga na Macomia. Mwezi Agosti 2020 Mocímboa ilianguka mikononi mwa wapiganaji, na ikabaki hivyo kwa mwaka mzima mpaka majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoirudisha tarehe 8 Agosti 2021. Kituo cha kupozea umeme cha Awasse kiliharibiwa mwaka 2020, na wilaya za Palma, Mocímboa, Mueda, Nangade na Muidumbe zikakaa gizani muda mrefu. Tarehe 24 Machi 2021 Palma ikashambuliwa. Mamia ya maelfu ya watu walikuwa wamekimbilia Pemba, Metuge, Montepuez, Nampula na kwingineko, na wengine walivuka Ruvuma.

Kwa hiyo, wakati nchi ikizungumzia ving'amuzi, mtu wa Mocímboa hakuwa na nyumba ya kuweka king'amuzi. Waliokimbia walibeba watoto, vyeti, godoro kama ipo nafasi. Nani angebeba TV ya chogo yenye uzito wa kilo ishirini na zaidi? Waliorudi baadaye, wengi walikuta nyumba tupu au zilizochomwa. Na kwa aliyeikuta TV yake imesalia, akaiwasha baada ya umeme kurudi, kilichomsubiri ni chenga kwenye kila chaneli. Wengine walidhani TV imeharibiwa na vita au na unyevu. Kumbe TV ilikuwa nzima. Wakati mwenyewe yuko ukimbizini, mawimbi yalikuwa yamebadilishwa.

Hapa ndipo jambo hili linapotoka kwenye burudani na kuingia kwenye haki. Katika nchi yenye kimbunga na vita, taarifa ya habari si anasa. Mtu anataka kujua barabara ipi iko wazi, kimbunga kinaelekea wapi, shule zinafunguliwa lini. Alhamdulillah, redio ilibaki. Ile redio ya betri, inayosema Kimwani na Kimakonde, ndiyo iliyoendelea kuwafikia watu bila kuwadai kifaa kipya. Tunaposoma historia hii tusiidharau redio kwa sababu ya uzee wake.

Kulikuwa pia na mpango wa kupeleka televisheni ya satelaiti katika vijiji 10,000 vya Afrika, uliotangazwa na Rais Xi Jinping mjini Johannesburg mwezi Desemba 2015, na Msumbiji ilikuwa miongoni mwa nchi zilizofikiwa. Kwa utaratibu wake wa kawaida, nyumba 20 za kijiji zilifungiwa dishi, na sehemu za pamoja zikapewa vifaa vikubwa vya kuonyeshea. Ni jambo jema kwa waliopata. Lakini nyumba 20 katika kijiji ni chache, na waliobaki walirudi kwenye desturi ya zamani ya kukusanyika kwa jirani.

TV YA CHOGO HAIJAFA: NAMNA YA KUITUMIA

Baada ya historia, tuingie kwenye manufaa. Ikiwa nyumbani bado kuna TV ya chogo inayowaka, haya ndiyo ya kuzingatia.

Kwanza, angalia matundu ya nyuma au ya mbele. Ukiona matundu matatu ya rangi ya njano, nyeupe na nyekundu, kazi ni nyepesi. Njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. TV nyingine zina njano na nyeupe tu, maana zina spika ya upande mmoja, nazo zinafaa vile vile. Unganisha king'amuzi, kisha kwenye rimoti ya TV bonyeza kitufe cha AV.

Pili, ikiwa TV ni ya zamani zaidi na ina tundu la antena peke yake, tafuta king'amuzi chenye tundu la kutolea mawimbi ya antena. Ukikiunganisha, TV itakiona kama stesheni mojawapo, mara nyingi chaneli 36 ya UHF. Ikiwa king'amuzi hakina tundu hilo, usikate tamaa. Ile deki ya zamani ya mikanda, iliyotupwa juu ya kabati, ina matundu ya kuingizia AV na tundu la kutolea kwenda kwenye antena ya TV. Pitisha king'amuzi ndani ya deki, na deki ipeleke kwenye TV. Hata kama deki haisomi tena mikanda, kazi hii huenda bado inaiweza.

Tatu, picha ikija nyeusi na nyeupe kwenye TV ya rangi, mara nyingi kosa si la TV. Ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, ukiona kimewekwa NTSC, badilisha kiwe PAL. Ikiwa picha inaonekana lakini sauti ni mvumo tu, na umeunganisha kwa waya wa antena, basi tofauti iko kwenye mfumo wa sauti. TV zilizoletwa kutoka Afrika Kusini hutumia mfumo wa I, nyingine hutumia B/G, na ving'amuzi vingi vinakuruhusu kuchagua.

Nne, maandishi ya pembeni yakikatwa, chagua umbo la 4:3 kwenye king'amuzi. Picha itakuwa na ukanda mweusi juu na chini, lakini yote itaonekana.

Tano, kuhusu antena. Wapo wauzaji wanaouza "antena ya dijitali" kwa bei ya juu. Ukweli ni kwamba antena haijui analojia wala dijitali. Inajua masafa tu. Antena nzima ya UHF iliyokuwa ikifanya kazi itaendelea kufanya kazi, bora ielekezwe kwenye mnara na iinuliwe juu. Pwani chumvi inakula viungio vya waya haraka, kwa hiyo visafishwe na kufunikwa vizuri.

Sita, kabla ya kununua king'amuzi, uliza mambo mawili: kinapokea mfumo wa DVB-T2, ambao ndio nchi za SADC zilichagua, na je, chaneli za bure zitabaki usipolipa malipo ya mwezi? Anayenunua king'amuzi upande mmoja wa Ruvuma asitegemee kwamba kitafungua matangazo ya upande wa pili, kwa kuwa kampuni huyafunga kwa kadi na namba zao.

Na pasipo na matangazo kabisa, TV hiyo inaonyesha deki ya dividii au ya flashi: mawaidha, masomo ya watoto, picha za harusi ya familia.

HESABU YA UMEME NA TAHADHARI

Lazima tuseme ukweli wa upande wa pili pia. TV ya chogo ya inchi 21 inakula umeme wa wati 70 hadi 100 hivi, wakati TV nyembamba ya LED ya inchi 24 inaweza kutumia thuluthi moja tu ya hapo. Mwenye umeme wa gridi anaweza asione tofauti kubwa. Lakini mwenye sola na betri moja ataiona usiku wa kwanza. Familia inayoishi kwa sola huenda ikaona kwamba TV ndogo ya volti 12 inajilipa. Kila nyumba ifanye hesabu yake, isifuate fasheni wala isiogope maneno ya wauzaji.

Tahadhari kubwa: usifungue mgongo wa TV ya chogo. Ndani yake kuna umeme unaoweza kufika volti 20,000 na zaidi, na baadhi yake hubaki hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Kazi hiyo ni ya fundi. Watoto wasiichezee, na isiwekwe juu ya meza dhaifu, kwa kuwa uzito wake uko mbele na ikianguka inaumiza vibaya.

Ikifa kweli, isivunjwe uani wala isichomwe moto kwa kutafuta shaba. Kioo chake kina madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa watoto, na moshi wa plastiki yake una madhara. Isitupwe karibu na kisima wala ufukweni tunakovua. Mpe fundi achukue vipuri, na kilichobaki kihifadhiwe mahali pakavu mbali na watoto.

TUNAJIFUNZA NINI?

Dini yetu inakataza israfu, na kutupa kitu kizima kwa sababu ya uvumi ni mlango mmoja wa israfu. Kabla ya kutupa, tujiulize: kilichobadilika hasa ni nini? Katika habari hii kilichobadilika kilikuwa angani, siyo sebuleni.

La pili ni la wale wenye mamlaka, na la vijana wetu wanaosoma ambao kesho watakuwa na mamlaka. Mabadiliko mengine yanakuja: simu za zamani zitazimiwa mitandao, malipo yatahamia kwenye mashine, masomo yatahamia kwenye intaneti. Kila mara tutaambiwa kwamba ni maendeleo, na mara nyingi ni kweli. Lakini tuulize mapema: daraja la kuvukia analipa nani? Mjane aliyerudi Mocímboa kutoka ukimbizini akakuta TV yake inaonyesha chenga hakukataa maendeleo. Hakuna aliyemwambia tu, wala aliyempa kile kifaa kidogo.

Basi atakayekuwa na king'amuzi cha ziada kabatini amkumbuke jirani. Na kijana anayejua kuunganisha zile waya tatu aende akamfungie bibi yake wiki hii, in shaa Allah.

Wabillahi tawfiq.